Onyesha Panapouma

Ukitaka kumjua mama huyu usimtazame usoni, mtazame mikono. Haikujua kutulia. Akikaa mezani kungoja chai ipoe, vidole vinatembea juu ya meza, vinamalizia hotuba za watu ambao hata chumbani hawamo. Akilala, mumewe husukumwa mbavuni na hoja za bajeti. "Jana umenipiga na bunge zima," humwambia asubuhi, naye hucheka, huku mkono mmoja tayari unatafuta kijiko cha kuchezea.

Wewe mwenyewe umeshamwona, ila hukumjali. Ni yule aliyevaa nguo nyeusi kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa televisheni wakati wa taarifa ya habari, yule unayemlalamikia kwamba anakuzibia matokeo ya mpira. Nguo nyeusi si ya msiba, ni ili mikono ionekane. Mheshimiwa akifungua mdomo bungeni au jukwaani, yeye anayageuza maneno kuwa lugha ya alama, papo hapo, bila nafasi ya kumeza mate. Kituoni wanamwita Dada Mikono. Viziwi hawana haja ya jina refu namna hiyo. Wao hugusa shavu la kushoto mara moja, pale alipo na kidoti, na kila mtu anajua anasemwa nani.

Lugha hiyo hakuanza kuipata darasani. Aliipata kwa kaka yake mkubwa, aliyeugua homa kali utotoni akapona kila kitu isipokuwa masikio. Kaka alipelekwa shule ya viziwi, na kila likizo alirudi na maneno mapya mikononi, akamfundisha mdogo wake mpaka chakula kikapoa mbele yao. Mama yao hakujifunza. Si kwamba hakumpenda mwanawe, alimpenda mpaka akakonda. Lakini aliona haya. Kupunga mikono sokoni mbele za watu, kwake, ilikuwa sawa na kutangaza balaa lake kwa kipaza sauti. Basi kila alichotaka kumwambia mtoto wa kiume kilipitia kwa mtoto wa kike, na kilianza hivyo hivyo siku zote: "Mwambie kaka yako."

"Mwambie kaka yako ni mvivu kama baba yake!" mama anafoka, na binti anamgeukia kaka: "Mama anaomba ufagie uani." Kaka naye ananuna, anajibu kwa mikono kwamba amechoka kufanywa punda wa nyumba hii, na binti anamgeukia mama: "Anasema sawa, anamaliza kula kwanza." Mtaa mzima uliisifu nyumba ile kwa utulivu wake. Hakuna aliyejua kwamba utulivu wenyewe unatengenezwa kila siku na vidole vya mtoto.

Hata mama alipokuwa kitandani wodini mara ya mwisho, pumzi zikija kwa mafungu, alianza na yale yale. "Mwambie kaka yako hakuwa mzigo. Mwambie hakunilemea hata siku moja." Kaka alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, macho yote kwenye mikono ya mdogo wake. Kisha mama akaongeza jambo jingine, fupi. Binti alifasiri lile la kwanza, na hilo la pili akalikata, kama fundi akatavyo uzi unaoning'inia kwenye pindo. Aliona halifai. Kaka aliinama akambusu mama yake kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo aliibeba ile sentensi moja kama mtu anavyobeba kitambulisho, kila aendako yuko nayo.

Huyo kaka ndiye Fundi. Ana chumba cha kushonea kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ambayo waya wake umefungwafungwa kwa gundi ya karatasi, na televisheni juu ya kabati la majora. Kila jioni, saa ya habari, viziwi wa mtaani hujaa humo. Yumo mshona viatu mwenye ndevu za mbuzi, yumo seremala, yumo mama muuza vyombo anayefika na mzigo wake wa sufuria na kuukalia. Hawaji kumtazama msoma habari. Wanakuja kumtazama Kidoti.

Wanasiasa wote wa nchi walishapewa majina ya mkono katika chumba kile. Kuna Miwani, kuna Tumbo, ambaye hahitaji maelezo, na kuna Kitambaa, mbunge mnene wa sauti anayejipangusa jasho kila baada ya sentensi mbili hata kukiwa na baridi. Kitambaa ndiye aliyekuwa kipenzi chao.

Na wangemchukiaje? Wewe na mimi tunawasikia hawa watu. Tulimsikia Miwani aliposema nchi haina njaa, ina wavivu wa kutafuna. Tulimsikia Tumbo alipowaita wenzake chawa wanaogombania shati lisilo lao, na Kitambaa alipomjibu kwamba afadhali chawa kuliko shati lenyewe, maana halijafuliwa tangu uhuru. Chumbani kwa Fundi hayo hayakufika. Kwenye mikono ya Kidoti, Miwani aliwaomba wananchi waongeze bidii, Tumbo alitofautiana kidogo na wenzake, na Kitambaa akatoa ushauri kuhusu usafi. Siasa za humo ndani zilikuwa siasa za malaika.

"Hawa wazee wanaheshimiana sana," Fundi alimwambia siku moja, kwa mikono, pini tano mdomoni. Ndiyo raha ya lugha yake, pini hazimzuii mtu kuongea.

"Ni watu wazima, kaka," alijibu, akageukia dirishani.

Hakuwa mwongo wa kupenda uongo, msije mkamwonea. Kwanza aliona haya: tusi likipita mdomoni ni upepo tu, likipita mikononi inabidi ulichore, na umbo lake lote. Halafu msimamizi wa vipindi alishamwambia, "Dada, wewe fasiri kwa ustaarabu, tusije tukaitwa kujieleza." Lakini mimi nasema sababu kubwa ilikuwa mazoea. Mtu aliyelelewa kuwa chujio la nyumba hawezi kumimina chai na majani yake.

Halafu ukaja muswada wa wakalimani. Ulitaka kila hospitali kubwa iwe na mtu anayejua lugha ya alama, na viziwi waliukamia muswada huo kwa sababu. Mshona viatu aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa kifua. Kikohozi kilikuwa kimemkaza misuli ya tumbo, basi daktari alipomuuliza kwa ishara za kubahatisha, yeye akashika tumbo. Akatibiwa minyoo mpaka nusura azikwe. Fundi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao, alizunguka ofisi kwa ofisi kuutafutia muswada huo marafiki, mpaka soli za viatu zikaisha, na mshona viatu akampigia nyingine bure.

Siku ya mjadala Kitambaa alisimama. Akajipangusa uso. "Mheshimiwa Spika, tunaambiwa tulipe mishahara ya wapunga mikono hospitalini. Kwa lipi? Ugonjwa hauongei! Bubu akiumwa aonyeshe panapouma, achomwe sindano, aende zake!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Meza zilipigwa, mbunge mmoja akavua viatu kwa raha.

Kwenye kidirisha chake, mama wa watu aliinua mikono kufasiri. Mikono ikasimama hewani. Alimwona kaka yake moyoni, amekaa kiti cha mbele kabisa, shingo ameinyoosha kama mtoto anayengoja kuitwa jina. Na mikono, bila kumwomba ruhusa, ikafanya kazi iliyoijua tangu utotoni: "Mheshimiwa anasema wagonjwa wasiosikia wahudumiwe haraka, popote panapouma." Chumbani kwa Fundi watu walikumbatiana, na mama muuza vyombo akapiga sufuria kwa mwiko, asisikie ila ahisi mtikisiko.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Ila wahenga hawakumfikiria mtu ambaye vidole ndivyo ulimi wake.

Asubuhi iliyofuata Fundi alishusha kabatini jora la sufu ya kijivu, alilokuwa amelificha miaka kwa ajili ya mteja ambaye hajatokea. Kitambaa alikuwa anakuja mjini kwao kuhutubia mkutano kwenye uwanja wa mpira. Chama cha viziwi kitampa zawadi ya koti, mbele ya watu wote, kwa kuwasemea. Nafasi iliombwa, ikakubaliwa. Vipimo Fundi alivichukua kwa macho, kutoka kwenye televisheni, akimsubiri mbunge ageuke upande ili aone upana wa mgongo.

Huku nyuma maneno yale yalikuwa yameota miguu. Kituo kina kipindi cha Ijumaa kiitwacho Kauli ya Wiki, watazamaji wanachagua maneno ya wakubwa yaliyotia fora, na "aonyeshe panapouma" ilishinda bila mpinzani. Ikawekewa muziki, ikawa mlio wa simu. Mtu akilalamika bei ya sukari anaambiwa onyesha panapouma. Mume akinuna, onyesha panapouma. Hata kipindi hicho aliyekifasiri ni yeye, na mara hii alitumia maneno manne tu: "huduma ya haraka imeshinda." Alipotoka studio alinawa mikono kwa sabuni, akasahau, akarudi kunawa tena.

Siku chache baadaye alipita kwa kaka yake mchana. Muuza maji alikuwa anasukuma mkokoteni mbele ya duka. Alipomwona Fundi kwenye cherehani karibu na mlango aliusimamisha, akajishika kiuno, akakunja uso kama mwenye uchungu wa kuzaa, akaonyesha mgongo, akaangua kicheko. Fundi akaacha cherehani. Akajishika kiuno vile vile, akaonyesha mgongo, akacheka naye, akampungia mpaka mkokoteni ukakata kona.

"Umeona?" alimwambia mdogo wake, uso umemng'aa. "Kila siku wananifanyia hivyo. Wanaosikia nao wameanza kutusalimia kwa mikono. Kazi ya Kitambaa hiyo!"

Mdogo wake alitamani ardhi ipasuke. Tangu saa hiyo hakukaa wala hakusimama. Akiwa nyumbani alianza kufua, akaacha nguo kwenye maji, akaenda kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimepangwa. Akiwa kituoni alikwenda kunywa maji mpaka mlinzi akamuuliza kama ana sukari. Alipanga maneno njiani na kuyafumua mlangoni. Kumwambia Fundi kuhusu kauli moja ilikuwa kazi ndogo. Lakini akivuta uzi mmoja, nguo nzima itafumuka: atauliza na zile nyingine, na atauliza tangu lini. Kaka yake alikuwa na dirisha moja tu la kuitazamia dunia yenye sauti, na dirisha hilo ni yeye.

Aliyemkaba koo ni wifi yake, mke wa Fundi, mpishi wa shule, mwanamke anayesikia mpaka yasiyosemwa. Alimngojea uani, mwiko mkononi.

"Wifi, mimi mikono yangu ni ya jikoni. Njoo, kula, nenda, mtoto anaumwa. Maneno ya bunge siyawezi. Nimemwambia huyo Kitambaa mbaya, mbaya, mbaya. Unajua kanijibu nini? Eti mimi siasa sizijui, mdogo wake ndiye anayejua. Kwenye chumvi ananiamini mimi, kwenye habari anakuamini wewe."

"Nitamwambia, wifi."

"Lini? Akishapanda jukwaani na koti lake, uwanja mzima unamcheka? Umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote, nami nikanyamaza, nikasema ni ndugu, wanajuana. Sasa basi. Ukimwacha apande pale, hapa kwangu usije hata kuomba maji."

Aliingia dukani hapo hapo, kabla ujasiri haujapoa. Fundi alikuwa ameliweka koti kwenye kiwiliwili cha mti. Lilikuwa koti la kweli, halina hata mkunjo wa aibu. Alimfunulia bitana ya buluu, na ndani ya mfuko wa kifuani, mahali ambapo hakuna atakayeona isipokuwa mvaaji, alikuwa ametarizi mkono mdogo ulio wazi.

"Mama alisema sikuwa mzigo," Fundi alisema, akirudi nyuma kulitazama. "Mzigo ungeweza kushona hii?"

Mikono ya mdogo wake ilipanda mpaka kifuani. Ikashuka. "Limependeza, kaka," alisema, akaondoka akijikwaa kwenye kizingiti alichokiruka tangu ujana wake.

Alijaribu mlango mwingine. Siku moja kabla ya mkutano alimfuata msaidizi wa Kitambaa, kijana wa suti inayobana, akamwomba mheshimiwa asiirudie ile kauli, au bora zaidi aombe radhi, kwa sababu viziwi wenyewe watakuwepo. Msaidizi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Aombe radhi? Dada, kauli ile ndiyo itakayotujazia uwanja."

Siku yenyewe aliomba mvua. Jua likawaka kama limetumwa.

Uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Alisimama ukingoni mwa jukwaa, amevaa nyeusi juu mpaka chini, kamera ya kituo ikimtazama, jasho likimtiririka mgongoni. Chini yake, kwenye ngazi, alisimama Fundi amevaa shati jeupe, koti limelala kwenye mikono yake miwili ndani ya mfuko wa nailoni, na nyuma yake mshona viatu na wenzake. Kitambaa alihutubia kwa muda mrefu. Aliahidi barabara, akaahidi maji, akamwita Miwani kuku wa kuazima, na mikono ya Kidoti ikapitisha vyote kwa mtindo ule ule wa siku zote, tamu na laini. Roho ilikuwa juu juu. Labda amesahau, alijiambia. Labda leo kashiba sifa.

Mshereheshaji akawaita wenye zawadi. Fundi akapanda.

Kitambaa alimtazama kuanzia viatuni, akajipangusa, na uwanja ukaanza kunong'ona kwa uchu, maana ulijua kinachokuja. "Huyu ndiye fundi bubu wa kwenu? Karibu, mzee, karibu! Ama hawa ndio waliotaka niwalipie mtu wa kupunga mikono! Haya, watu wako wanangoja." Akawageuzia watu kipaza sauti. "Mwambieni afanye nini?"

"AONYESHE PANAPOUMA!"

Fundi alihisi kishindo kwenye mbao za jukwaa. Aliona midomo elfu imefunguka kwa pamoja, imecheka kwa pamoja. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile alilompa muuza maji, na kwa tabasamu hilo alimgeukia mdogo wake ili amwambie watu wamesemaje.

Jibu tamu lilikuwa tayari vidoleni: mheshimiwa anakukaribisha, watu wanakushangilia. Lingepita, hakuna ambaye angejua, koti lingepokelewa, Fundi angerudi nyumbani na furaha yake. Alichoshindwa ni lile tabasamu. Aliona kwamba yeye ndiye aliyelishona, mshono kwa mshono, na kwamba mtu mzima, baba wa watoto, alikuwa amesimama mbele ya mji mzima amelivaa.

Mikono ilianza kabla hajajua imeanza. "Anakuita bubu. Wanakwambia uonyeshe panapouma, na wanakucheka. Bungeni hakuwatetea. Alisema bubu hahitaji mkalimani, aonyeshe panapouma, achomwe sindano, aende zake. Ndicho wanachokuchekea barabarani. Muuza maji hakuwa anakusalimia. Mimi nilikuficha, kaka."

Mshona viatu chini ya ngazi aliona vyote. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

Tabasamu la Fundi halikuondoka mara moja, lilibaki usoni halina kazi. Alimtazama Kitambaa. Aliutazama uwanja. Kisha akaliegemeza koti kwenye mkono wa kushoto na kuinua kidole cha shahada, na watu wakatulia kwa hamu kuona kitatua wapi, tumboni au makalioni. Kidole kilipita tumbo. Kilipita kifua. Kikanyooka mbele mpaka kikamwelekea mdogo wake, kikakaa hapo.

Uwanja ulicheka ukalia. Kitambaa mwenyewe alijipangusa machozi. "Jamani! Mkalimani ndiye anayemuuma!" alisema kwenye kipaza sauti, na naapa hilo ndilo neno pekee la kweli nililowahi kulisikia kutoka kinywani mwake. Dada Mikono alikuwa kazini, kamera inamtazama. Akalifasiri nalo, neno kwa neno.

Fundi hakungoja. Alishuka ngazi na koti lake, wenzake wakampisha kisha wakamfuata, na mshereheshaji akaita zawadi nyingine haraka haraka.

Jioni hiyo mdogo wake hakwenda kituoni, alimwomba mwenzake amshikie zamu. Alipofika dukani ilikuwa saa ya habari na televisheni ilikuwa imezimwa. Hapakuwa na wageni. Wifi alimfungulia, hakumsalimia, lakini hakumzuia pia, akabaki kizingitini. Fundi alikuwa ameketi chini ya taa, koti magotini, anafumua mkono wa kulia kwa wembe. Hakuinua macho. Kiziwi akikunyima macho amekufungia mlango, hata ukipiga kelele ya namna gani.

Alikwenda ukutani akazima taa, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, kama walivyokuwa wakiitana utotoni. Fundi akatulia. Kisha akamtazama.

"Tangu lini?"

"Tangu tukiwa watoto."

"Miwani? Tumbo?"

"Wote. Wanatukanana, kaka. Kila siku wanatukanana."

"Nimewapigia kura watu hao. Nimegombana na mke wangu kwa ajili yao." Mikono yake ilikuwa mikavu, inakata hewa. "Mimi nimekosa masikio tu. Ngozi ya kuvumilia ninayo kama mtu mwingine yeyote. Nani alikwambia nitavunjika?"

Fundi aliuweka wembe mezani, pole pole, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna kitu kibaya zaidi. Alipoinua mikono tena ilikuwa imepoteza ukali wote.

"Na mama?"

Alijua swali hilo litakuja. Alikuwa amelikimbia tangu uwanjani, amelikimbia njia nzima. "Alisema hukuwa mzigo. Alisema hukumlemea hata siku moja. Hilo sikuligusa, kaka. Neno kwa neno."

Fundi alimtazama kama anavyotazama nguo ambayo muuzaji anaapa ni pamba tupu. Fundi huwa habishani na muuzaji, huchomoa uzi mmoja, akauchoma kwa kiberiti, akanusa. Safari hii hakuwa na uzi wa kuchoma. Alikuwa na mikono ya mdogo wake tu, na mikono yenyewe ndiyo iliyomdanganya.

Angeweza kuishia hapo. Asingekuwa amesema uongo, na huenda pole pole kaka yake angemwamini, akabaki na sentensi yake moja. Wifi alijisogeza mlangoni.

"Kulikuwa na kipande kingine," alisema. "Nilikikata."

Fundi akamwashiria aendelee.

"Mama alisema: mwambie kaka yako anisamehe. Mwambie niliona haya kujifunza mikono yake. Mzigo nilikuwa mimi."

"Kwa nini ulikata?"

"Niliona ni aibu mzazi kumwomba mtoto wake radhi. Nilitaka aondoke na heshima yake."

Fundi aliinamisha kichwa. Koti lilimteleza magotini likaanguka sakafuni, bitana juu, asiliokote. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na mikono ilitafuta maneno kama mikono ya mtoto aliyerudi likizo.

"Sikuhitaji kuambiwa kwamba sikuwa mzigo," alisema. "Nilijua. Maisha yangu yote nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama mama aliwahi kuona kwamba hajaniambia neno hata moja yeye mwenyewe. Nilidhani alikufa bila kuona."

"Aliona, kaka."

"Rudia."

Akarudia.

"Si hivyo. Kama alivyosema yeye. Na pumzi zake."

Akasogea kwenye mwanga wa taa. Akarudia kama mama alivyosema, mafungu kwa mafungu, akisimama pale pumzi iliposimama, akiacha mikono ining'inie pale mama alipofumba macho. Fundi alifuata kila kidole. Ilipokwisha alitingisha kichwa na kuonyesha mwanzo tena. Mabega yalimuuma, akarudia. Mlangoni wifi alisimama na mikono yake ya jikoni, haelewi hata nusu ya kinachosemwa, ila anaona mume wake analia na anaomba aongezewe.